Jarida la chama: pini au gundi?
Chama cha kitaaluma hapa Mwanza kikitaka kuchapa jarida la wanachama, kiamue mapema litafungwaje. Pini mbili katikati ni nafuu, na jarida hufunguka lote. Mwanachama wa Ukerewe atalisoma kwenye kivuko bila kulikaza kwa mikono. Sharti ni kwamba kurasa zigawanyike kwa 4, yaani 16, 20 au 24, kwa kuwa kila karatasi ikikunjwa huzaa kurasa nne.

Gundi hutoa mgongo wa kuandika jina na mwaka. Ila humeza maandishi ya ndani, hivyo msanifu aongeze pambizo, na kurasa zikiwa chache haishiki vizuri.

Kwa kurasa 24, mimi nachukua pini. Gundi ingojee toleo nene la mkutano mkuu, lile lililojaa picha za viongozi.