Mto Deschutes, Oregon, Marekani: kibali kina kazi yake

Nimeshuka mto huu mara mbili mwaka huu, Juni na Agosti, kwa boti ya mpira ya kukodi. Wenzangu wa Portland mnaouliza kama watoto wataufurahia: wataufurahia sana. Ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari hadi mji mdogo wa Maupin, ulio kando ya mto. Ila kateni vibali mapema.

Kibali ndicho kinachowakera wengi. Kila anayeelea kwenye kilomita 160 za mwisho za mto lazima awe nacho, hata kama kachukua tairi la mpira tu. Wikiendi za kiangazi vina idadi maalumu, vikiisha vimeisha. Mara ya kwanza aliyetukodisha boti alituambia kibali kimo ndani ya bei. Hakikuwemo. Tulikaa Harpham Flat, pale pa kuingizia boti majini, karibu saa nzima, simu hazishiki mtandao, mwanangu mdogo keshavaa jaketi okozi na jua linamchoma. Ulizeni kabla ya kulipa, na mwambieni awaonyeshe.

Lakini tulipoingia majini nikaelewa kwa nini wanahesabu watu. Kati ya Boxcar na Oak Springs, sehemu mbili ambapo maji huenda kasi kwenye mawe, tulipita kona baada ya kona bila kuona boti nyingine, ni kuta za mawe meusi na ndege mwewe mmoja juu yetu. Shemeji yangu, aliyeuzoea mto, ndiye aliyeshika makasia. Oak Springs ilitulowesha sote. Maji ni ya baridi hata Agosti, bebeni nguo za kubadili.

Tulipotua kula, ufukweni hapakuwa na mfuko wala jivu. Moto wa kuni ni marufuku kuanzia 1 Juni hadi 15 Oktoba, maana nyasi za bonde lile huwaka upesi. Wanaolala kambini huondoka na kinyesi chao kwenye chombo. Mto huu umelindwa na sheria ya shirikisho tangu 1988, na kwenye kilomita hizo 160 hairuhusiwi kujenga bwawa jipya.

Tokeni majini mnapofika Sandy Beach, msipitilize: mbele yake kuna maporomoko ya Sherars, hayapitiki. Sisi tuliyafuata kwa gari. Watu wa Warm Springs, wenyeji wa asili wa huku, walikuwa wamesimama kwenye majukwaa ya mbao juu ya povu, wakichota samoni kwa nyavu za mpini mrefu. Haki hiyo ya kuvua waliibakiza kwenye mkataba wao na Marekani wa 1855, na leo wanausimamia mto pamoja na serikali. Nilisimama pale muda mrefu. Nimekulia Pawaga, Iringa, na nimeuona Ruaha Mkuu ukibaki madimbwi, viboko wamebanana kwenye tope. Binti yangu aliniuliza kama kule nako watu hukata kibali. Nilimweleza habari za mashamba ya mpunga ya Usangu, yanayochota maji ya Ruaha huko juu, hadi tukafika nyumbani.

Mto nyota tano. Mwenye boti wa Juni, mbili. Vibali vya mwakani tutakata wenyewe, siku ya kwanza vikitoka.