TAHADHARI: "Seti kamili ya EFI" ya Land Cruiser 2F inayouzwa kwa WhatsApp. Nimepoteza milioni 2.6, na nusura mdogo wangu aungue

Ndugu zangu wenye Land Cruiser za zamani, hasa FJ40, FJ45 na FJ60 zenye injini ya 2F, naomba msome yote haya kabla hamjamtumia mtu advansi ya kutoa kabureta (kile kifaa cha zamani kinachochanganya hewa na petroli) na kufunga EFI, yaani mfumo wa kunyunyizia petroli kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya magari, anajitambulisha kuwa ni wakala wa kuleta vifaa kutoka Dubai. Mimi kanichukulia shilingi milioni 2.6. Pesa inauma, siwezi kusema haiumi. Lakini kilichonikalisha chini kuandika ni kwamba mzigo alioniuzia ulimwaga petroli juu ya manifoldi ya moshi (chuma kinachokusanya moshi unaotoka kwenye silinda) yenye moto, na wakati huo mdogo wangu alikuwa ameinama juu ya injini na taa mkononi.

Jina lake silitaji hapa. Polisi wanalo, pamoja na namba zote alizotumia.

Gari lenyewe ni FJ40 ya mwaka 1979, la marehemu baba. Wanaoijua 2F wanajua: silinda sita za mstari, lita 4.2, chuma kitupu kuanzia bloku hadi silinda hedi, injini inayovuta mzigo kama trekta. Udhaifu wake uko kwenye mafuta. Hapa Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, na nikipanda Karatu kuelekea Ngorongoro, nikishapita geti la Loduare, hewa inazidi kuwa nyepesi. Kabureta haijui hilo. Inaendelea kumwaga petroli ileile, injini inavimbiwa, inatoa moshi mweusi, inamisi. Kwenye mlima mkali, gari likiinama, mafuta kwenye chemba ya boya yanahama upande mmoja na injini inakohoa. Tena kwenye 2F manifoldi ya hewa na ya moshi ziko upande mmoja, kabureta imekaa juu ya joto lote, ukizima gari mchana petroli inachemka ndani na kuwasha tena ni shughuli. Toyota wenyewe waliliona, ndiyo maana FJ60 nyingi zina kile kifeni kidogo cha kupoza kabureta.

Kwa hiyo EFI ni wazo zuri, na bado naamini hivyo. Kompyuta inapima hewa na kupunguza mafuta kadiri unavyopanda. Nilikuwa nikiitafuta kwa zaidi ya mwaka, na tapeli anamjua mtu mwenye hamu.

Aliniandikia yeye kwanza, baada ya kuona swali langu kwenye grupu. "Bosi wangu, hii unafungua kabureta, unakalisha hii, unawasha. Saa mbili umemaliza." Akanitumia picha za throto bodi inayong'aa (kifaa cha kupitishia hewa kinachokaa pale ilipokuwa kabureta), nozeli nne, kompyuta imeshikana nayo ubavuni, pampu ya umeme, mpira wa mafuta, sensa ya oksijeni na waya zake. Bei milioni 2.4. Kwa seti halisi kutoka Marekani, ukijumlisha usafiri na ushuru, bei hiyo ni ndogo mno, na hapo ndipo ningepaswa kusimama. Nikatuma milioni 1.5. Jina lililotokea kwenye simu wakati wa kulipa halikuwa lake. Akasema ni la mhasibu wake. Wiki tatu baadaye mzigo ukaja na basi, nikamalizia laki tisa.

Fundi wangu yuko mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, mzee aliyelitengeneza gari hili tangu enzi za baba. Alipofungua boksi alinyamaza muda mrefu. Akaishika throto bodi, akaigeuza, akaweka ukucha karibu na kitundu cha vakyumu. Rangi ya fedha ikabanduka, na chini yake kukaonekana gundi ya kijivu iliyoziba ufa. Kwenye matundu ya bolti kulikuwa na michubuko ya spana. Stika ilikuwa mpya, lakini kifaa kimeshafungwa na kufunguliwa mara nyingi.

"Mwanangu, hiki si kipya," akasema. "Na huu mpira ni wa kabureta."

Nilimwambia mzee kwamba muuzaji kaapa mpira umekuja na seti, tufunge tu. Hilo ni kosa langu, mzee hana lawama.

Tulifunga siku mbili. Gari likawaka, na nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini lilikuwa likitoa moshi mweusi kuliko hata siku mbaya ya kabureta, na linapanda na kushuka mlio bila kugusa pedali. Mdogo wangu akainama kuangalia kama kuna hewa inavuja kwenye gasketi. Dakika kama kumi hivi tangu tuwashe, nikasikia "fsss". Mpira ulikuwa umepasuka pale klipu ilipoubana, na petroli inatoka kwa uzi mwembamba, inapiga ukuta wa injini na kudondokea kwenye manifoldi ya moshi. Ukapanda mvuke mweupe wenye harufu kali. Fundi alimvuta mdogo wangu kwa kola ya shati, mimi nikazima swichi, na tukasimama mbali, sote watatu kimya, tukisubiri kuona kama moto utashika. Mungu alisaidia, haukushika. Mkono mzima wa shati la mdogo wangu ulikuwa umelowa petroli.

Sasa naomba niwaeleze kilichotokea, maana ndicho kitakachowaokoa.

Pampu ya asili ya 2F ni ya kimekanika, inasukumwa na kemshafti, na inatoa presha ndogo sana, kama bar 0.3. Seti za aina hii ya throto bodi zinataka takriban bar 4. Ni zaidi ya mara kumi. Mpira wa mafuta una maandishi ubavuni: wa kabureta huandikwa SAE 30R7, wa EFI huandikwa SAE 30R9, na ule unaozama ndani ya tanki ni 30R10. Niliufuta wangu kwa kitambaa baada ya ajali, ukawa unasomeka vizuri kabisa: 30R7. Na klipu alizoleta ni zile zenye mikato ambayo skrubu inapita. Ukizikaza, mikato inauma mpira kama meno. Klipu za EFI ni laini kwa ndani, kingo zake zimekunjwa nje. Mtu anayeuza vifaa hivi hawezi kusema hajui tofauti hiyo. Anajua, ila mpira sahihi ni ghali, naye alitaka kubakiza.

Moshi mweusi nao ulikuwa na sababu yake. Seti hizi zinategemea sensa ya oksijeni inayosoma eneo lote, ile yenye waya tano. Ndiyo inayoiambia kompyuta hasa mchanganyiko ni upi, iwe hewa 11 kwa petroli 1 au 14.7 kwa 1. Sensa ya kawaida ya magari ya miaka ya tisini ina waya moja hadi nne, na haijui zaidi ya kusema "mafuta mengi" au "mafuta machache" ukikaribia 14.7. Yangu ilikuwa imezungushiwa mkanda mweusi karibu na soketi. Tulipoubandua tukakuta waya nne za sensa ya gari jingine zimeungwa kwenye soketi ya sensa halisi. Yaani mtu alikaa chini akazisokota kwa mikono yake, akafunika. Kompyuta ilikuwa inasoma uongo na inazidi kumwaga mafuta. Tulipochomoa dipstiki, oili ilinuka petroli, yaani imeshachujuka. Siku mbili tatu zaidi za namna hiyo, beringi za injini ya baba zingekuwa zimekwisha.

Kuna la tatu, na hili ndilo lililonionyesha kwamba ni kazi yake ya kila siku. Seti hizi nyingi zilibuniwa kwa ajili ya V8 za Marekani, lakini ukizifunga kwenye injini nyingine unaingia kwenye kiskrini, unaiambia kompyuta idadi ya silinda na ukubwa wa injini, ndipo inajipanga. Yangu ilikuwa imeandikwa silinda 8. Nilipotaka kubadilisha iwe 6, ikadai namba ya siri. Nikampigia. Akasema, bila hata kushtuka, kufungua ni laki nne. Nikamtumia laki mbili, akisema nusu kwanza. Baada ya hapo jibu likawa "bosi wangu, tatizo ni fundi wako", kisha namba yangu ikafungiwa. Tangu niongee kwenye grupu wamenitafuta watu wawili, mmoja wa Moshi na mwingine wa Nakuru, wote wamefikishwa hapohapo kwenye namba ya siri. Wa Nakuru alilipa mara tatu.

Kwa hiyo ukiwa unataka kununua, kwa huyu au kwa mwingine yeyote, usiridhike na picha. Mwambie apige simu ya video, aiunge kompyuta kwenye betri mbele yako, aingie kwenye mipangilio na abadilishe silinda kutoka 8 kwenda 6 ukiwa unaangalia. Akikataa, umeshapata jibu. Omba picha ya namba ya seriali pamoja na karatasi yenye tarehe ya leo, halafu mwandikie mtengenezaji mwenyewe umuulize. Mwambie aukunjue mpira usome maandishi. Hesabu waya za sensa kwenye sensa yenyewe, usizihesabu kwenye soketi. Muulize mafuta yanayozidi yanarudi tankini kwa njia ipi. 2F ina bomba la kurudishia lakini ni jembamba, na mtu aliyewahi kufunga kweli atakuwa na maneno ya kusema hapo. Wangu alisema "hiyo usiwaze". Na jina la kwenye malipo likitofautiana na jina la muuzaji, acha kabisa, usisikilize habari ya mhasibu.

Nyongeza kwa watakaopata seti nzuri: kagua kwanza kama manifoldi ya moshi haivuji kabla ya sensa, maana hewa ikiingia pale sensa inadhani mafuta ni machache na kompyuta inaongeza. Hakikisha pia jenereta yako inachaji sawasawa. Haya mambo si ya saa mbili. Toyota walipoiweka EFI kwenye ukoo huu wa injini, 3F-E iliyokuja na FJ62 za soko la Marekani mwaka 1988, waliweka nozeli sita, pampu ya umeme na manifoldi yake. Haikuwa kutoa kabureta na kukalisha kitu juu yake.

Nimefungua RB kituoni, na nimepeleka nakala ya mazungumzo yote, risiti za malipo na picha za sensa. Namba zake nimezituma 15040, ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli wa simu. Kwa kuwa stika ni ya kampuni halisi iliyobandikwa kwenye mali mbovu, nimeandika pia Tume ya Ushindani, FCC, ambao ndio wanaoshughulikia bidhaa bandia. Ukiwa umepigwa, usifute meseji kwa hasira. Hata zile voisi zake tunza.

Gari limerudi kwenye kabureta. Fundi aliifungua yote, akaosha jeti, akabadilisha gasketi na sindano ya boya, na mdogo wangu ndiye aliyekuwa anampa spana. Seti iko kwenye boksi pale gereji. Anayetaka kuja kuona mpira ulivyopasuka na waya zilivyosokotwa aje, nitamwonyesha.

Kwa sasa huyu muuzaji ameanza akaunti mpya. Anatumia picha ya FJ60 ya rangi ya krimu yenye keria juu, imesimama kwenye mchanga, na kila mtu anamwita "bosi wangu". Bei ameshusha hadi milioni 2.1. Kama amekutumia picha hiyo, usilipe chochote. Niandikie na namba aliyokupa nikaiongeze kwenye RB.