Kipimo cha siliaki: mara ya kwanza nililipia nusu ya jibu

Kwa miaka minne nimeishi kwa vidonge vya kuongeza damu. Nikimaliza dozi damu inapanda mpaka 10, ikipita miezi miwili imerudi 8. Tumbo linajaa gesi, choo hakitulii, nguo zinanipwaya. Nimetibiwa amiba, minyoo, taifodi na vidonda vya tumbo. Mwaka jana daktari wa magonjwa ya tumbo hapa Dar akaniuliza kitu ambacho sikuwahi kuulizwa: "Chapati unakula mara ngapi kwa wiki?" Karibu kila asubuhi, nikamwambia. Akaandika vipimo vya siliaki, ugonjwa ambao mtu akila gluteni, ile iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, kinga ya mwili inaushambulia utumbo mwembamba.

Nilitaka kuacha ngano siku ileile. Akanikataza. "Kula kama kawaida mpaka tumalize, dada. Ukiacha sasa, kingamwili zinashuka na kipimo kitatudanganya."

Karatasi yake ilikuwa na vipimo viwili: tTG-IgA na jumla ya IgA. Maabara niliyoanza nayo, kijana wa kaunta akaniambia cha pili hawana, ila hicho kimoja kinatosha. Nikalipa, nikatolewa damu, chupa moja ndogo yenye kifuniko cha njano. Siku ya tatu majibu yakatoka: hasi. Nilishukuru Mungu njia nzima. Daktari alipoishika ile karatasi akaigeuza nyuma, akairudisha mbele, akauliza, "Jumla ya IgA iko wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Kipimo cha tTG-IgA kinatafuta kingamwili za aina moja tu, IgA. Wapo watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, na kwa mtu wa namna hiyo jibu linaweza kuwa hasi huku utumbo umeshaharibika. Na upungufu huo unaonekana zaidi kwa wenye siliaki kuliko kwa watu wengine. Kwa hiyo hasi bila jumla ya IgA pembeni si jibu la kutulia nalo. Iliniuma kwamba mtu wa kaunta alifuta kipimo alichoandika daktari, na mimi nikaitikia tu.

Maabara ya pili walikuwa nacho. IgA yangu ilisomeka chini ya 0.07, yaani karibu hakuna. Daktari akaagiza vipimo vinavyotafuta IgG, aina nyingine ya kingamwili: tTG-IgG na DGP-IgG. Sampuli ilisafirishwa nje ya nchi, nikangoja wiki mbili na kupiga simu mara tatu kwa sababu hakuna aliyenitumia ujumbe. Vyote viwili vikarudi chanya. Baada ya hapo nikapitishwa mpira wenye kamera, vikachukuliwa vinyama kadhaa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na vile vinyweleo vinavyonyonya chakula vikaonekana vimelala. Maabara hii naipa nne kwa tano. Moja nimeipunguza kwa zile simu.

Kuna mahali waliniuzia wazo la kipimo cha jeni, DQ2 na DQ8. Daktari alisema kwangu hakina haja: ukizikosa zote mbili siliaki karibu inaondolewa, lakini ukiwa nazo haithibitishi chochote, maana watu wengi wasio na ugonjwa huu wanazo. Vile vifurushi vya "mzio wa vyakula mia" pia niliviacha, havipimi siliaki.

Leo ni mwezi wa saba bila ngano. Damu imefika 12.1 na imekaa. Nakula ugali, wali, mihogo, ndizi. Uji wa lishe wa dukani uliniponza mwanzoni, kumbe mwingi una ngano ndani yake. Sasa naosha ulezi mwenyewe na kuusaga nyumbani.

Ndugu wa damu wa karibu nao wanashauriwa kupimwa. Binti yangu ana miaka sita, nimempeleka juzi, na safari hii nilisimama kaunta mpaka nikaona vipimo vyote viwili vimeandikwa kwenye risiti. Majibu ni Alhamisi. Mpaka hapo chapati zake anakula kama kawaida.