Tathmini ya WIBS: Kitambuzi cha Chembe za Kibiolojia Hewani

Anayeuliza kama WIBS inaweza kumtajia jina la kijidudu kilichomo hewani ajibiwe mapema kwamba haiwezi. Kifaa hiki, ambacho usanifu wake ulianzia Chuo Kikuu cha Hertfordshire nchini Uingereza na ambacho sasa hutengenezwa na kampuni ya Marekani ya Droplet Measurement Technologies, kina kazi nyingine: hupima chembe moja baada ya nyingine na kueleza ukubwa wake, umbo lake kwa makadirio, na kama inang'aa inapomulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Kwa kazi hiyo ninakipa alama za juu.

Hewa huvutwa na pampu, kisha chembe hukatiza leza nyekundu ya nanomita 635, na kutokana na jinsi mwanga huo unavyotawanyika hupatikana kipimo cha ukubwa, kuanzia takriban nusu mikromita. Leza ikishaitambua chembe, taa mbili za zenoni humulika kwa kufuatana, ya kwanza kwa nanomita 280 na ya pili kwa 370. Urefu huo wa mawimbi una sababu yake: wa kwanza huchochea triptofani, ambayo ni asidi amino iliyomo katika protini, na wa pili huchochea NADH, molekuli inayoshiriki katika uzalishaji wa nishati ndani ya seli. Mng'ao unaotokea hupokewa katika mikanda miwili ya urefu wa mawimbi, nanomita 310 hadi 400 na 420 hadi 650. Taa mbili na mikanda miwili zilipaswa kutoa vipimo vinne, lakini mwanga wa taa ya pili wenyewe huangukia ndani ya mkanda wa kwanza na kuufunika, hivyo hubaki vitatu. Kwa vitatu hivyo, watafiti huzigawa chembe zinazong'aa katika makundi saba, na bakteria, kuvu na chavua huelekea kuangukia makundi tofauti, ingawa mipaka yao huingiliana mno.

Ubora wake mkubwa ni wakati. Mtego wa Hirst, uliobuniwa mwaka 1952 na unaotumika hadi leo kuhesabu chavua, humtaka mtaalamu akae kwenye hadubini, na njia ya kuotesha vijidudu kwenye agari, yaani jeli ya kukuzia vijidudu, huchukua siku kadhaa, tena huonyesha vile tu vinavyokubali kuota. WIBS hutoa takwimu papo hapo. Katika msitu mmoja wa misonobari jimboni Colorado, vipimo vya mwaka 2011 vilionyesha kwamba mvua inaponyesha, chembe zinazong'aa huongezeka mara kumi au zaidi kuliko wakati wa ukavu. Mabadiliko ya ghafla ya namna hiyo hayaonekani kwenye sahani ya agari.

Udhaifu wake unatokana na kanuni ile ile inayokiendesha, kwa kuwa si kila king'aacho kina uhai. Masizi na baadhi ya moshi wa kuni hung'aa. Nyuzi za nguo zilizofuliwa kwa sabuni yenye viang'azi hung'aa pia, jambo ambalo wavaaji wa makoti meupe ya maabara wanapaswa kulikumbuka. Kwa kawaida kizingiti, yaani kiwango ambacho chembe ikikivuka huhesabiwa kuwa inang'aa, huwekwa kwa kuziwasha taa pasipo chembe yoyote, kuchukua wastani wa mwanga uliopokewa na kuongeza mikengeuko sanifu mitatu (mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi thamani zinavyotawanyika kuzunguka wastani). Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kukipandisha hadi mikengeuko tisa hupunguza sana chembe zisizo za kibiolojia huku nyingi za kibiolojia zikibaki. Ningeanza na tisa popote penye moshi wa mkaa au wa magari. Tena, taa za zenoni huhitaji muda wa kujichaji baada ya kila mwako, kwa hiyo penye vumbi zito chembe nyingi hupita bila kupimwa mng'ao.

Hospitali zetu zinazotafuta tahadhari ya kifua kikuu wodini zisikinunue kwa ajili hiyo. WIBS huchunguza takriban lita 0.3 za hewa kwa dakika, yaani lita 18 kwa saa, ilhali mtu aliyepumzika huvuta mamia ya lita katika saa hiyo hiyo. Na bakteria wa kifua kikuu huwa wachache mno hewani. Hata mmoja akipita, mng'ao wake hautamtofautisha na bakteria mwingine yeyote. Kupima makohozi kwa GeneXpert, mashine inayotambua vinasaba vya kifua kikuu, bado ndiyo njia. Kirusi kimoja kimoja hakionekani kabisa kwa udogo wake, na chavua ya mahindi, kwa ukubwa wake, hupita kipimo kwa upande wa pili.

Anayehitaji chavua atafaidika zaidi na SwisensPoleno ya Uswisi, inayovuta lita 40 kwa dakika na kuongeza picha za holografia juu ya mng'ao. Kwa vyumba safi vya viwanda vya dawa, BioTrak, kifaa cha kampuni ya TSI cha kuhesabu chembe, ina faida ambayo WIBS haina: chembe zikishapimwa hunaswa kwenye kichujio, ambacho hupelekwa maabara kuoteshwa. Atakayechagua WIBS kwa utafiti wa hewa ya nje atenge fedha za kununua kikusanyio cha vichujio na kukiweka kando yake, ili saa ambazo mng'ao umepanda ziweze kuchunguzwa kwa vinasaba.