Kamera ya laini na sola: niliiachia nyumba ya Dar es Salaam siku 14 nikiwa Rombo

Habari zenu, watazamaji, na karibuni tena. Leo mezani kwangu ipo kamera ya ulinzi inayotumia laini ya simu na chaji ya jua, ile ambayo wauzaji wa Kariakoo huisifia kwa jambo moja tu, kwamba haihitaji waifai. Niliinunua kwa shilingi 145,000 mwanzoni mwa Desemba, nikaifunga nyumbani kwangu Dar es Salaam, kisha nikapanda basi na familia kwenda Rombo kwa siku 14, kama tufanyavyo Wachaga kila mwisho wa mwaka. Kalenda hiyo wezi nao wanayo.

Nianze na sababu ya kuikwepa kamera ya waifai. Kamera ya namna hiyo hutegemea ruta, ruta hutegemea umeme, na kwangu umeme ni wa LUKU, yaani wa kulipia kabla ya kutumia. Tokeni unaweza kuinunua ukiwa popote, lakini zile tarakimu 20 lazima mtu azibonyeze kwenye mita, na mtu huyo hayupo, kwa kuwa ndiyo maana ukanunua kamera. Hii ya laini haiujui umeme wa nyumba kabisa. Hata hivyo, kabla ya kuingiza laini, hakikisha umeondoa namba ya siri ya laini yenyewe ukitumia simu yako, maana laini iliyofungwa kwa namba ya siri haitasajiliwa na mtandao ikiwa ndani ya kamera. Mimi nilipoteza asubuhi nzima juu ya ngazi nikiamini nimeuziwa kitu kibovu.

Kuhusu bando, hesabu ni nyepesi. Kwa ubora wa picha niliouchagua, ambao ni megabiti 1 kwa sekunde, kuitazama moja kwa moja hula takribani MB 450 kwa saa. Ukiiacha itume vipande vya sekunde 10 tu pale inapoona mwendo, kila kipande ni kama MB 1.25, kwa hiyo arifa 40 kwa siku ni MB 50, na siku 14 hazifiki GB 1. Kinachomaliza bando ni wewe mwenyewe kufungua programu kila baada ya chakula ili utazame geti lako. Jambo la kuangalia zaidi ni siku ya kifurushi kuisha, kwa sababu kikiisha kamera hunyamaza bila kukuaga, nawe utaudhani ule ukimya kuwa usalama.

Paneli yake ya sola ni ndogo, na fundi wangu alitaka kuielekeza kaskazini kwa mazoea. Nilimzuia. Mwezi Desemba jua la mchana la Dar es Salaam hukaa upande wa kusini, hivyo tuliiinamisha kidogo huko, kiasi cha mvua kuweza kuosha vumbi. Katika siku tatu za mawingu mfululizo betri ilishuka kutoka asilimia 100 hadi 61, kisha jua lilipotoka ikapanda tena. Hapo sina lawama.

Lawama yangu iko kwenye usingizi. Ili kutunza betri, kamera hii hulala, na huamshwa na kitambuzi kinachohisi joto la mwili linalosogea. Kitambuzi cha aina hiyo humwona upesi zaidi mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayekuja kwa kunyooka, kwa hiyo usiifunge ikiwa imelikodolea geti macho. Ifunge pembeni, kwa urefu wa mita mbili na nusu au tatu, ili anayeingia alazimike kuikatiza. Hata hapo, kati ya kuamka na kuanza kurekodi hupita sekunde moja au mbili. Nilimwambia mwanangu akimbie kutoka getini hadi nyuma ya nyumba, na video ilituonyesha kisigino chake cha kushoto, basi. Usiku wa tano tukapata shida nyingine: buibui alitandaza utando mbele ya kioo, mwanga wa usiku wa kamera, ambao macho yetu hayauoni, ukaugonga utando ule na kurudi, na ua wangu wote ukageuka ukungu mweupe. Jirani ndiye aliyeuondoa kwa ufagio.

Huyu jirani ndiye ninayetaka kumzungumzia sasa, kwa sababu bila yeye ningekuwa nimenunua televisheni ndogo ya kutazamia nyumba yangu ikiibiwa. Usiku wa saba, saa nane na dakika kumi, simu ililia. Kwenye picha alikuwapo mwanamume mwenye tochi, amesimama nje ya geti, ameshika kufuli langu na kulipima uzito kiganjani. Mimi nilikuwa zaidi ya kilomita 550 za barabara kutoka pale, nimejifunika blanketi mbili kwa baridi ya mlimani, na kipaza sauti cha kamera, ambacho boksi linakisifia sana, kikatoa sauti yangu ikiwa imekatikakatika kama redio iliyopoteza stesheni. Nikampigia jirani. Aliwasha taa zake zote za nje na kumwita mtu yule kwa jina, kumbe alikuwa kijana wa ulinzi shirikishi wa mtaa wetu.

Kile kijana huyo alichomwambia jirani ndicho kilichonifunza kuliko kamera yenyewe. Alisema alisimama kwa sababu kufuli lilikuwa linaning'inia nje. Kufuli la nje humtangazia kila mpita njia kwamba ndani hamna mtu, kwani aliye ndani hawezi kujifungia kwa nje. Geti langu lina tundu la kupitisha mkono, na siku zote nilikuwa na uwezo wa kulifunga kufuli kwa ndani kupitia tundu hilo. Ni uvivu tu. Jirani alilihamisha usiku uleule, kwa kuwa funguo za akiba nilimwachia yeye. Pamoja na hilo aliibadilisha taa ya kibaraza, ambayo nilikuwa nimeiacha ikiwaka mchana na usiku, akaweka balbu inayojiwasha giza linapoingia na kuzimika kukipambazuka. Balbu hiyo ni ya bei ndogo mno ukiilinganisha na kamera, na taa inayowaka saa sita mchana husema maneno yaleyale yanayosemwa na kufuli la nje.

Je, ningeinunua tena kamera hii? Ndiyo, ila kwa masharti. Ningebadilisha nywila ya kiwandani kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno kwa kujaribu tu nywila ambazo wenyewe hawakuzibadilisha. Ningelipia pia hifadhi ya mtandaoni, maana memori kadi iko ndani ya kamera, na anayeing'oa kamera anaondoka na ushahidi wake.

Tuliporudi Januari, nilimpelekea jirani mkungu wa ndizi na kumwonyesha video za siku zote 14. Alizitazama kwa utulivu, kisha akauliza kwa nini mlango wake wa jikoni unaonekana katika kila moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu mwaka 2022, lakini hakuihitaji, aliniangalia tu. Nilipanda ngazi jioni ileile. Sasa kamera inaona geti langu na nusu ya mwembe wake, na kuhusu mwembe amesema hana neno.