Kitab-i-Iqan: uzoefu wangu na kitabu cha Wabahai kuhusu ufunuo usiokoma (nyota 3 kati ya 5)

Ukimuuliza Mbahai inakuwaje anawakubali Musa, Isa na Muhammad wote kwa mpigo, halafu anamwongeza Bahaullah, mwanzilishi wa dini yao, juu yao, hiki ndicho kitabu atakachokupa. Kinasomeka bure mtandaoni, kwa Kiajemi na kwa tafsiri ya Kiingereza ya Shoghi Effendi, kiongozi wao wa wakati huo, ya mwaka 1931, ambayo ndiyo niliyoitumia. Mwandishi ana ufunguo mzuri. Shida ni kwamba unafungua milango ya majirani wote, ukifika kwa mwenye nyumba unagoma.

Bahaullah alikiandika Baghdad, mwaka 1861 au 1862 hivi, kumjibu mjomba wa Bab, mtangulizi wake aliyedai kuwa Mahdi. Mzee huyo, Mshia wa Shiraz, alitaka kujua mpwa wake, aliyepigwa risasi Tabriz mwaka 1850, angewezaje kuwa Mahdi ilhali ishara zilizotabiriwa hazikuonekana. Kwa hiyo hoja nyingi zimesimama juu ya hadithi za maimamu. Msomaji wa Kisunni asipojua kwamba kwa Washia Imamu wa 12 aliingia ghaiba, yaani alitoweka machoni pa watu ili arudi kama Mahdi, mwaka 260 Hijria, na Bab akajitangaza mwaka 1260, atapotea njiani. Tena hakuna sura wala vichwa vya habari, ni sehemu mbili tu ndefu. Kaa na kalamu.

Sehemu ya kwanza ndiyo tamu. Fungua Mathayo 24:29-31 pembeni, maana mwandishi anaichambua tamko kwa tamko. Jua kutiwa giza na nyota kuanguka ni wanazuoni wa dini iliyotangulia kupoteza nuru yao. Mawingu ambayo Mwana wa Adamu anakuja nayo ni kila kinachowaziba watu macho: sheria walizozizoea kufutwa, au mjumbe wa Mungu kuonekana anakula, anakunywa na kufukarika kama wao. Hapo nampa haki yake. Anaeleza vizuri mno kwa nini watu wa dini ndio huwa wa kwanza kumkataa mjumbe mpya.

Kasoro inaanza kwenye Qurani 33:40, inayomwita Muhammad *khatam an-nabiyyin*, hitimisho la manabii. Sisi wa Kiswahili hatuhitaji kamusi: hatima, hitimisho, kuhitimu, hata hitima tunayosomea marehemu, yote ni mzizi mmoja. Kitabu hakiukani mwisho huo, kinaugeuza: wajumbe wote kiini chao ni kimoja, hivyo kila mmoja anaweza kusema ni wa kwanza na ni wa mwisho. Wabahai wengi mitaani hutumia njia nyingine, kwamba kilichofungwa ni unabii, si utume. Hoja hiyo ni dhaifu zaidi, kwa sababu katika itikadi ya Kiislamu kila mtume ni nabii. Ukifunga geti kubwa, na chumba cha ndani kimefungwa.

Sasa chukua Kitab-i-Aqdas, kitabu cha sheria cha Bahaullah cha mwaka 1873 hivi, aya ya 37. Anayedai ufunuo wa moja kwa moja kutoka kwa Mungu kabla ya miaka 1000 kamili kupita ni mwongo. Na anayeifasiri aya hiyo kinyume na maana yake ya wazi amenyimwa Roho ya Mungu. Wabahai huhesabu kuanzia 1852, mwaka wanaosema Bahaullah alianza kupokea ufunuo, kwa hiyo mlango umefungwa hadi 2852. Mwisho wa Muhammad ni fumbo. Miaka elfu ya Bahaullah ni kalenda. Hata ndani ya Iqan, nyota haziwi nyota, lakini "mwaka wa sitini" wa hadithi ya Imamu Sadiq unabaki kuwa mwaka wa sitini, yaani ule wa 1260 wa Bab. Mbahai atakujibu kwamba utabiri husomwa kwa mafumbo na sheria husomwa kama ilivyo. Sawa, ila 33:40 si utabiri wa ishara za mbinguni, ni tamko kuhusu mtu.

Dai kwamba kiini cha dini zote ni kimoja, zinazobadilika ni sheria za jamii tu, lipimwe kwa jambo moja mahususi, si kwa "upendo" na "amani" ambavyo havimkwazi mtu. Mimi natumia msalaba. Qurani 4:157 inasema hawakumuua Isa wala hawakumsulubu. Wabahai wanakubali alisulubiwa, na aya hiyo wanaielekeza kwenye roho, kwamba ndiyo isiyouawa. Ukifika kwenye ufufuo wanamwacha Mkristo: Abdul-Baha, mwana wa Bahaullah, alifundisha kwamba mwili haukufufuka, kilichofufuka ni imani ya wanafunzi. Lakini Paulo, 1 Wakorintho 15, anasema Kristo asipofufuka imani yote ni bure. Hizo si sheria za jamii. Muislamu na Mkristo wote wawili wanaambiwa hawakukielewa kitabu chao, tena kwa upole sana.

Asiyewahi kusoma Qurani wala Injili asianze na kitabu hiki, kitamshinda. Mwenye msingi asome sehemu ya kwanza taratibu, sehemu ya pili akiwa na msahafu mkononi, kisha aende moja kwa moja Aqdas aya ya 37 kabla hajazungumza na mtu. Nyota mbili nilizokata ni za aya hiyo, na naomba zisomwe kwa maana yake ya wazi.