Picha ya uso au maktaba ya magonjwa?
Mama wa Lubumbashi anazunguka zahanati na mtoto aliyechelewa kutembea. Huku anaambiwa malaria, kule minyoo. Munganga mwenye simu na intaneti ana njia mbili za kumsaidia kutafuta kama kuna ugonjwa adimu uliojificha.

Face2Gene ni programu ya simu na kompyuta; husoma picha ya uso na kupendekeza magonjwa ya vinasaba. Ina kasi, ila zamani ilikuwa imefundishwa zaidi kwa nyuso za Wazungu. Utafiti wa mwaka 2017 uliijaribu kwa watoto wenye ugonjwa wa Down, mmoja wa magonjwa hayo: Wabelgiji iliwatambua kwa asilimia 80, Wakongo kwa asilimia 36.8 tu. Ilipoongezewa picha za Waafrika, ikapanda hadi 94.7. Inaniuma kwamba watoto wetu walikosa jibu kwa sababu hakuna aliyeweka nyuso zao humo.

Orphanet, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1997, ni maktaba ya magonjwa adimu. Ni bure, na ina Kifaransa, lugha waliyosomea madaktari wetu. Inadai subira ya kusoma.

Mimi ningeanza na Orphanet. Picha ifuate, tena mama akubali kwanza. Kipimo cha damu bado kitahitajika ili kuthibitisha.